Mambo Mengine Hayatafsiriwi

Doreen alinipigia simu siku iliyofuata kifo cha baba yake, akaniuliza kama ningekubali kutafsiri kwenye mazishi. Alizungumza Kiingereza, kama anavyozungumza nasi sote tangu utotoni, isipokuwa ile "shikamoo" anayoitanguliza harakaharaka, kama mtu anayefuta miguu mlangoni. Alisema wazee watatoa salamu kwa Kiswahili na vijana hawataelewa, wala wale waliofanya kazi na baba yake kwenye ghala kule Brampton. Yupo kijana anayetafsiri kanisani siku hizi, akasema, lakini huwa anaruka maneno. "Wewe huruki, Aunty Atu." Nikamjibu ndiyo. Nilikuwa sijashika maiki mbele ya ushirika ule tangu mwaka 2002. Niliondolewa kwa kosa hilohilo, la kutoruka, na aliyeniondoa ndiye tuliyekuwa tunakwenda kumzika.

Nikiutazama mwaka ule, namwona binti wa miaka ishirini na miwili mwenye wasiwasi wa kuchosha watu. Mchana nilifungasha saladi kiwandani, na jioni nilijifundisha kutafsiri. Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilikuwa na kamusi iliyochakaa na redio ndogo, nami nilijisikiliza mwenyewe kama askari anayemsikiliza mshukiwa. Jumapili mchana nilisimama kando ya mchungaji wetu, yeye akihubiri kwa Kiswahili, mimi nikifuata kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto waliozaliwa huku na wageni wachache. Nikikosea neno moja sikulala. Kuna wiki nilimpigia mchungaji simu Jumatano usiku kumwambia kwamba Jumapili niliita tawi shina, naye akanijibu kwa upole kabisa, "Binti yangu, Mungu amekusamehe, na matawi yamekusamehe, naomba nilale." Watu walicheka sana aliposimulia. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliamini kwamba siku nitakayokosea vibaya watu watagundua kuwa sijui chochote, na nitabaki peke yangu katika mji ule wenye baridi.

Kwa maana nilikuwa na nyumba mbili Toronto, ingawa kwa kweli hakuna iliyokuwa yangu. Ya kwanza ni ya Baba Doreen. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege akiwa na koti la ziada mkononi, bila kunijua, kwa kuwa tu mtu fulani Mbeya alimwambia kuna binti anakuja. Kila Jumapili baada ya ibada gari lake lilibeba watu wengi kuliko viti, na jikoni kwake tulikula ndizi kwa nyama tukizungumza kwa sauti ya watu ambao wiki nzima wamenong'ona kwa Kiingereza. Alikuwa mcheshi, mkono wazi, na sauti yake ilimtangulia chumbani. Mkewe akipakua kidogo, alimwambia, "Mama Doreen, usiwe Myahudi, ongeza mchuzi." Tulicheka. Mama Doreen alimpiga bega kwa upawa, akaongeza mchuzi. Nimejaribu kukumbuka kama kicheko changu kilikuwa na chochote ndani yake, na sioni. Lilikuwa neno la jikoni, lililokaa pale pamoja na mwiko na kawa, likimaanisha mchoyo, au mtu asiye na huruma, kutegemea nani ametajwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ng'ambo ya korido, katika ghorofa letu la Thorncliffe Park. Nilipanga chumba kwa mwanamke wa Kipakistani aliyefanya kazi usiku na kulala mchana, kwa hiyo mazoezi yangu ya sauti niliyafanyia kwenye ngazi za dharura. Jumamosi moja mlango ukafunguliwa, akatokea mama mzee mfupi mwenye kofia nyekundu ya sufu, akaniuliza nagombana na nani. Nilipomwambia nagombana na mahubiri, akanikaribisha chai. Jina lake Roza, nami nikamwita Bi Roza, akapenda hilo "Bi." Alikuwa amestaafu kazi ya kuandika mahakamani: miaka mingi aliketi mbele ya meza ya hakimu akipiga taipu kila neno linalosemwa, viapo, matusi, vikohozi vyenye maana. Akanisikiliza nikitafsiri kipande cha mahubiri, kisha akanifundisha kanuni yake moja. "Ukiruka neno," alisema, "umeshahukumu. Na hakuna aliyekuajiri kuwa hakimu." Niliichukua kanuni ile kama mtu aliyekuwa akizama akapewa ubao. Mwishowe nilikuwa na sheria ya kushika, na mtu wa kunipa alama.

Alinialika Ijumaa jioni. Meza yake ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye michoro ya malimau, na dirisha lilitazama bonde na barabara kuu ambayo magari yake hayakukoma. Aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akasema maneno machache ambayo hakunitafsiria, kisha akapakua supu ya kuku yenye madonge laini na kunikatia mkate wa mayai uliosukwa kama nywele. Nilipomuuliza kama yeye ni mtu wa dini sana, alicheka. Dini kidogo, alisema. Zaidi ni kwamba hawezi kusikia Wayahudi wakitajwa katika chumba bila kuangalia kwanza mlango uko wapi. Alilisema hilo kama anayeeleza kuwa vitunguu humletea kiungulia. Kisha akanisimulia habari ya baba yake, aliyehamia mji huu akiwa kijana na kujifundisha Kiingereza mwenyewe, kama mimi, kwa kusoma mabango. Kila alipotoka na watoto aliwasomea kila bango kwa sauti, kwa fahari: marufuku kutema mate, duka linauzwa. Siku moja ya joto aliwapeleka ufukweni mwa ziwa, na getini palikuwa na bango. Akasimama, akajikohoza, akaanza kulisoma neno kwa neno, vizuri kabisa, mpaka alipofika mwisho akaelewa kwamba lilisema Wayahudi hawaruhusiwi. "Alikuwa na matamshi mazuri siku ile," Bi Roza akasema, akanisogezea mkate. "Tukarudi nyumbani. Tangu siku ile hakutusomea tena bango lolote."

Niliondoka pale, nikavuka korido, na Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Baba Doreen, Brampton, nikicheka mchuzi ukiongezwa. Leo hili ndilo linalonichosha ninapolifikiria, kwamba sikusikia. Kwa Kiswahili lilikuwa neno la jikoni. Kwa Kiingereza lilikuwa jina la watu wa jirani yangu. Nilivuka baina ya lugha hizo mbili kila siku, ndiyo kazi niliyojivunia, na maneno hayo mawili sikuwahi kuyakutanisha.

Yalikutana siku ya watoto, mwishoni mwa majira ya baridi. Ushirika wetu ulikodi ukumbi wa chini wa kanisa moja la zamani la Waskoti, na mtunza jengo, Mskoti mwembamba aliyekuwa pia mzee wa kanisa lao, alikuwa na tabia ya kuzima hita mara tu ibada yao ilipokwisha. Sisi tuliingia baadaye na kuabudu tumevaa makoti. Watoto wangeimba kwa Kiswahili siku hiyo, na mimi nilimwalika Bi Roza. Nilimwambia aje awasikie watoto, lakini nilitaka anisikie mimi. Tulikwenda kwa basi, yeye na kofia yake nyekundu na bati la biskuti alizooka mwenyewe, kwa sababu haendi kwa watu mikono mitupu. Baba Doreen alipomwona anatetemeka, alimwondoa mtu kwenye njia, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe kando ya hita ndogo ya umeme aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akavua koti lake akamfunika miguuni. "Mama, hapa ndipo penye joto," akamwambia kwa Kiingereza, akamwinamia kama mkwe. Bi Roza alinitazama kwa mbali, akakunja midomo kuonyesha kwamba amevutiwa. Nilifurahi kana kwamba nimewazaa wote wawili.

Watoto waliimba, mchungaji akahubiri, nami nikatafsiri siku ile kama sijawahi kutafsiri. Halafu akasimama Baba Doreen kwa matangazo. Alipozungumza yeye palikuwa na vicheko viwili kila mara, cha kwanza cha wakubwa, mara tu aliposema, na cha pili cha watoto, nilipomaliza kutafsiri. Nami nilikipenda kile cha pili kwa sababu kilikuwa mali yangu. Akaanza na habari ya baridi. Akasema amemwendea mtunza jengo mara nyingi, kwa adabu, amemwomba atuachie hita japo nusu ya ibada, na yule bwana anamtazama tu na funguo zake. "Ndugu zangu," akasema, "yule bwana ana roho ya Kiyahudi."

Kicheko cha kwanza kikaja, kikubwa, ukumbi mzima. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ningependa kuandika kwamba niliamua kitu, lakini mkalimani haamui. Sauti inaingia huku, inatokea kule. Katikati ya sentensi ndipo nilipojisikia nikiisema, na nikaona kwamba bado ningeweza kupinda, kusema roho ngumu, kusema mchoyo, na hakuna ambaye angejua. Nikaimaliza kama alivyosema. Nikasubiri kicheko cha pili. Hakikuja. Bi Roza alikuwa ameketi na koti la Baba Doreen miguuni, na macho yake yalikuwa yamehama kwangu na kwenda mlangoni, polepole, bila hofu, kama mtu anayehakikisha tu. Na Doreen, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na ameketi mstari wa mbele pamoja na kwaya, akauliza kwa sauti, kwa Kiingereza chake safi, roho ya Kiyahudi ikoje. Ni kama ya Hana, wa darasani kwao?

Mtu akakohoa. Baba Doreen akanitazama mimi, si mwanawe. Mchungaji akaomba tusimame kwa sala. Baada ya ibada wanawake walinizunguka karibu na chupa za chai, na Mama Doreen, aliyenipenda, akanishika kiwiko akaniambia chinichini, "Atu, mwanangu, mambo mengine hayatafsiriwi." Hakukasirika. Alinifundisha, kama anavyofundishwa msichana ambaye hajui kuwa ngoma ya mwali haisimuliwi nje.

Basi lilipopita daraja Bi Roza alinigeukia. Kisha akasema nimefanya kazi nzuri, sikuruka. Ilikuwa ndiyo alama niliyoitamani miezi yote ile, na ilipokuja ilikuwa kama chai iliyopoa. Ijumaa iliyofuata niligonga mlango nikiwa na hotuba nzima kichwani: kwamba kanuni ilikuwa yake, kwamba nisingeweza kumdanganya, kwamba kwetu watu hawamaanishi hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Supu ilikuwa mezani na mishumaa imewashwa. Hakuwa amenifungia mlango. "Ulisema maneno yake, yote," akasema. "Ndivyo nilivyofanya mimi mahakamani miaka yote, na nilikwenda nyumbani kila jioni nikiamini nimemaliza kazi. Hayo yalikuwa ya kwake, Atu. Ya kwako yako wapi?"

Sikuwa nayo. Hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia kwenye ngazi za dharura, nikijaza mdomo wangu maneno ya watu wengine mpaka pasibaki nafasi. Na nilijua ya kwangu yangenigharimu nini, kwa sababu koti nililovaa lilitoka kwa Baba Doreen. Lakini niliona pia kwamba nikinyamaza nitaendelea kualikwa meza zote mbili, na kwenye kila meza atakaa mtu ambaye si mimi. Kwa hiyo Jumamosi nikapanda mabasi mpaka Brampton. Waliniona nikaletewa sahani, kama kawaida. Hotuba yangu ilikuwa imesafishwa vizuri. Ilipofika wakati nikaisahau yote. Nikasema tu kwamba lile neno linaumiza na ninamwomba asilitumie tena.

Baba Doreen alinawa mikono kwanza. "Umenivua nguo mbele ya watoto wangu," akasema. "Leo umekuja kunifundisha kuvaa?"

Nikasema hapana. Nikasema nimekuja kumwomba.

"Mimi sina chuki na Myahudi. Nitamchukiaje? Sijawahi hata kuonana na mmoja."

"Umeonana naye, Baba Doreen. Ulimpa kiti chako. Ukamfunika miguu."

Upawa wa Mama Doreen ulisimama juu ya sufuria. Baba Doreen alitazama mikono yake yenye maji. "Yule mama?" akauliza.

"Yule mama."

"Sasa kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningekuambia nini? Kwamba usiseme kwa sababu yupo?"

"Ndiyo," akasema, na hapa alikuwa anashangaa kweli. "Ndiyo adabu, hiyo. Mtu akiwepo, husemi."

Nikamwambia kwamba Doreen alikuwepo, na Doreen sasa anajua tafsiri. Baba Doreen akaniambia nile, chakula kinapoa, nami nikala, na hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshamwandaa kijana mwingine kushika maiki, mwenye sauti nzuri na mkono mwepesi wa kuruka. Niliketi nyuma. Hakuna aliyenifukuza. Viti vya gari lake tu ndivyo vikawa vinajaa kabla sijafika.

Kitu kimoja kilitokea, nacho sijawahi kujua nikiite nini. Bati la biskuti la Bi Roza lilikuwa limebaki ukumbini. Kabla ya Pasaka Mama Doreen akanipa nimrudishie, zito, limejaa visheti. Akasema, "Baba Doreen amesema lirudi." Basi. Nikalipeleka. Bi Roza alifunua, akanusa hiliki, akauliza kama huku ndiko kuomba radhi. Nikamwambia sijui; kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Akauliza kama kuna maneno yoyote yaliyokuja nayo. Hakuna. Akala kisheti kimoja taratibu, akikitafuna kwa meno ya mbele, akasema mahakamani wao walikuwa wanaandika hivi: mshtakiwa hakujibu. Akala cha pili.

Wasomaji wanaopenda mwaka mmoja ubadilishe maisha watanisamehe. Mwaka ule ulinibadilisha, lakini ulinibadilisha kuwa mtu aliyechoka. Tangu hapo nimelisema langu mara nyingi, kwenye harusi, kwenye foleni ya chai, na siku hizi kwenye magurupu ya simu, ambako mtu mzima mwenye shahada anatuma asubuhi maelezo marefu ya namna Wayahudi wanavyoendesha benki, mvua na magonjwa. Naandika kwamba si kweli, na ninaeleza kwa nini. Hakuna anayejibu. Baada ya muda mtu anatuma picha ya waridi lenye maneno ya Jumatatu njema. Niliwahi kumlalamikia Bi Roza kwamba nimechoka, naye alikuwa kitandani hospitalini, mdogo kama mtoto, bila kofia. "Wewe una miaka michache tu," akasema. "Mimi unadhani nimepumzika lini?" Tulimzika siku yenye upepo. Kwao kila mtu anatia udongo, kama kwetu, lakini sepetu la kwanza hutiwa kwa kuligeuza mgongo, ili kazi iwe ngumu, ili isionekane una haraka ya kumwacha. Niligeuza, nikamwaga udongo kidogo sana, na mwingi ukaanguka kwenye viatu vyangu.

Basi nikaenda Brampton kutafsiri. Asubuhi ya mazishi, jikoni, Doreen alikuwa anapanga vikombe, na bila kunitazama akaniambia kuhusu wiki za mwisho za baba yake. Kulikuwa na muuguzi mmoja mkali aliyekataa kumwongezea blanketi. Alipotoka, mzee akakunja uso akaanza, "Huyu naye ana roho ya..." Akamwona Doreen kando ya kitanda. Akatafuta neno, akatafuta, mwishowe akamaliza: "Ana roho yake mwenyewe." Doreen alilisema hili kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa lafudhi yake ya huku. Alisema baba yake alikuwa akifanya hivyo kwa miaka. Kila mtu mbaya alikuwa na roho yake mwenyewe. Doreen alidhani mimi najua.

Sikujua. Baba Doreen hakuwahi kuniambia.

Ibadani walizungumza wengi, nami nikafuata, sauti ikiingia huku na kutokea kule. Mwisho akasimama mzee mmoja, rafiki yake wa tangu zamani, akaegemea fimbo, akaeleza jinsi marehemu alivyopokea watu uwanja wa ndege, makoti aliyogawa, gari lililojaa. Alikuwa analia kidogo. "Huyu hakujua uchoyo," akasema. "Huyu, ndugu zangu, hakuwa na roho ya Kiyahudi."

Nikatafsiri. Yote, kama alivyosema. Niliwaona vijana wakitazama sakafu, na Doreen akiinua uso kutoka mstari wa mbele, kama alivyoketi siku ile ya watoto. Sikurudisha maiki. Nikamwomba mzee radhi, shikamoo kwanza, nikasema kwa Kiswahili kwamba hayo yalikuwa maneno yake na sasa nitasema ya kwangu. Nikasema neno hilo ni jina la watu, nami nililishwa na mmoja wao mkate wake, na marehemu alimpa kiti chake. Nikasema marehemu naye alilitumia neno hilo, kisha akaliacha, na kwamba kama angekuwa amekaa hapa angemkatiza rafiki yake na kumsahihisha: hakuwa na roho ya mtu mwingine yeyote, alikuwa na roho yake mwenyewe.

Kisha Mama Doreen, katika nguo zake nyeusi, akatoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio, na wanawake waliokaa naye, waliomjua mumewe, wakaichukua. Kilikuwa kicheko. Sikukingoja kiishe, nikageukia vijana, nikayasema yote tena kwa Kiingereza, bila kuruka, na kule mstari wa mbele, kwa kuchelewa, kikaja cha pili. Mzee mwenye fimbo hakucheka. Alisubiri tutulie, akanitazama kwa macho mekundu, akasema, "Naomba niendelee." Nikasogeza maiki karibu na mdomo wake.